Kuigiza Si Uhuni: Somo Kutoka Mlimani

Binti amemaliza kidato cha sita na amefaulu vizuri. Ndugu na majirani wanakuja kumpongeza. Mmoja anamtabiria udaktari, mwingine uanasheria, na shangazi yake anasema huyu atakuwa mhasibu. Kisha binti mwenyewe anaulizwa, naye anajibu kwamba anataka kwenda Chuo Kikuu kusomea sanaa za maonyesho. Nyumba nzima inanyamaza. Baba anauliza, "Yaani usome miaka mitatu ili uje kuigiza?" Mama hasemi kitu, lakini moyoni anawaza, "Mwanangu anataka kuwa mhuni."

Mambo ya namna hii hutokea katika nyumba nyingi, na si nyumba za watu wabaya. Ni nyumba za wazazi wanaowapenda watoto wao na kuwatakia maisha mema. Kwa wengi wetu, mchezo wa kuigiza ni kichekesho cha redioni au cha televisheni, kitu cha kupitishia muda baada ya chakula cha jioni. Ni vigumu kuelewa kwa nini Chuo Kikuu kiwe na walimu, vitabu na mitihani kwa ajili ya jambo hilo.

Katika makala hii tunapenda kueleza habari za Idara ya Sanaa za Maonyesho ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani. Tumeichagua kwa sababu historia yake inagusa nyumba zetu kuliko tunavyodhani. Imegusa habari za msichana anayepata mimba akiwa shuleni, mke aliyeachika, na kijana asiye na la kufanya kijijini. Tena, sehemu kubwa ya kazi hiyo imefanywa na akina mama.

Bibi zetu walikuwa walimu

Wapo wanaosema kwamba mchezo wa kuigiza uliletwa na Wazungu. Jambo hilo lina ukweli kidogo tu. Jukwaa lenye pazia, tikiti mlangoni na watu waliokaa kimya kwenye viti, hayo kweli yalikuja na wageni. Katika shule za wakati wa ukoloni wanafunzi waliigiza michezo ya Kiingereza, hasa ya Shakespeare, mbele ya wageni rasmi. Wengi wa waliotazama hawakuelewa hata neno moja.

Lakini kuigiza kwenyewe kulikuwapo tangu zamani. Nani asiyemkumbuka bibi akisimulia hadithi jioni, akibadilisha sauti kuwa fisi, kisha sungura, kisha mtoto yatima? Watoto waliitikia, waliimba kibwagizo, na kila mmoja aliondoka na fundisho lake. Katika ngoma kulikuwa na wachezaji walioigiza mwindaji, bwana mkubwa au mke mchoyo. Katika unyago wasichana walifundishwa kwa nyimbo, kwa vinyago na kwa maigizo jinsi ya kuishi na mume, na wakwe na majirani. Mambo ambayo mama hangeweza kumwambia binti yake uso kwa uso, wimbo uliyasema.

Desemba 1962, Tanganyika ilipokuwa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alitangaza kuundwa kwa wizara ya kushughulikia utamaduni. Alisikitika kwamba waliosoma walijua kucheza dansi za Ulaya na kuziacha ngoma za kwao. Mwaka uliofuata, 1963, ilichapishwa tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare, *Julius Caesar*, akionyesha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba mambo mazito jukwaani. Kenya nako, Henry Kuria alikuwa ameandika mchezo wa Kiswahili uitwao *Nakupenda Lakini*, uliochapishwa mwaka 1957. Mbegu zilikuwapo. Kilichokosekana ni shamba la kuzipanda na watu wa kuzitunza.

Idara yaanzishwa

Shamba hilo lilipatikana mwaka 1967, pale Idara ya Sanaa za Maonyesho ilipoanzishwa katika chuo cha Dar es Salaam, ambacho wakati huo kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki. Mwaka huohuo, mwezi Februari, lilikuwa limetangazwa Azimio la Arusha. Nchi nzima ilikuwa ikijiuliza: Tunataka kuwa watu wa namna gani? Swali hilo liliingia hata darasani.

Dar es Salaam haikuwa ya kwanza katika Afrika. Huko Ghana, mama mmoja aitwaye Efua Sutherland alikuwa amekwisha anzisha jumba la maonyesho mjini Accra, na Chuo Kikuu cha Ghana kilifungua shule ya muziki na maigizo mwaka 1962. Nigeria, Chuo Kikuu cha Ibadan kilikuwa na shule yake ya maigizo tangu mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1960. Hapa jirani, wanafunzi wa Makerere walikuwa wakizunguka mijini na vijijini na kundi lao la maigizo, wakicheza kwa Kiingereza na kwa lugha za wenyeji.

Hata hivyo, Dar es Salaam ilikuwa na bahati moja kubwa, nayo ni Kiswahili. Mwanafunzi wa Mlimani aliyeandika mchezo aliweza kueleweka na profesa, na mpishi wa chuo, na mkulima wa Rufiji, wote kwa lugha moja. Walimu wa mwanzo walitoka sehemu mbalimbali. Walikuwapo Herbert Shore kutoka Marekani na, baadaye, Bob Leshoai kutoka Afrika Kusini. Lakini haukupita muda mrefu kabla ya vijana wa hapa nyumbani kushika chaki na kalamu wenyewe.

Mwanafunzi na mzee wa Ngarambe

Mmoja wa vijana hao alikuwa Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kusini mwa Tanzania. Mwaka 1969 ulitoka mchezo wake *Kinjeketile*, unaohusu Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Wazee wa Kusini walikuwa wakizijua vizuri habari za Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, aliyewapa watu maji ya kuwakinga na risasi, na ambaye Wajerumani walimnyonga.

Katika mchezo huo mwandishi hakumfanya Kinjeketile kuwa malaika wala tapeli. Anaonekana mtu aliyetoa neno, neno hilo likawaunganisha watu wa makabila yaliyokuwa yakigombana, kisha likamshinda nguvu yeye mwenyewe. Anaona kwamba watu wake watakufa. Lakini mwishoni, anapotakiwa kukiri kwamba maji yalikuwa uongo, anakataa, kwa kuwa anajua watoto wa kesho wataambiwa kwamba babu zao walipigania upuuzi.

Mchezo huo umesomwa na kuigizwa katika shule za Tanzania na Kenya kwa miaka mingi. Bila shaka baadhi yenu, akina mama mnaosoma ukurasa huu, mliusoma mkiwa sekondari. Hapo ndipo tunapoona kazi ya kwanza ya Chuo Kikuu katika sanaa hii, kwa maana kilimpa kijana nafasi, muda, walimu, na wenzake wa kuujaribu mchezo jukwaani. Pengine bila Mlimani angeandika vilevile, lakini ingekuwa vigumu zaidi kwa maandishi yake kupata waigizaji na kisha kufika kwenye madawati ya shule.

Akina mama washika kalamu

Katika darasa la Mlimani alikuwapo pia msichana kutoka Berega, mkoani Morogoro. Jina lake Penina Muhando, ambaye baadaye alijulikana kama Profesa Penina Mlama. Michezo yake ilianza kutoka mapema katika miaka ya 1970, na ukiitazama orodha yake utadhani unasikiliza mazungumzo ya akina mama kisimani. *Hatia*, uliotoka mwaka 1972, unahusu msichana anayepata mimba nje ya ndoa. Ukafuata *Heshima Yangu*. Ukaja *Pambo*, unaowauliza wasomi elimu yao inamsaidia nani. Ukaja *Talaka Si Mke Wangu*, ambao jina lake linatosha kuonyesha maumivu yaliyomo.

Mwaka 1982 alitoa *Nguzo Mama*. Katika kijiji kiitwacho Patata, wanawake wanataka kuisimamisha nguzo kubwa, Nguzo Mama. Kila wakikusanyika kuiinua, kitu kinawatawanya. Mara ni ugomvi wao kwa wao, mara ni umaskini, mara ni waume wasiotaka kuona nguzo hiyo ikisimama. Bi Msimulizi anawaeleza watazamaji yanayotokea. Mwanamke yeyote aliyewahi kuwa katika kikundi cha akina mama, kiwe cha kushona, cha kufuga kuku au cha upatu, hahitaji kufafanuliwa mchezo huu. Anaujua. Amekwisha uona kwa macho yake, isipokuwa hakuwahi kufikiri kwamba habari zake zinastahili kuandikwa kitabuni.

Mwenzake Penina alikuwa Amandina Lihamba, naye pia wa Morogoro, mwigizaji, mwongozaji wa michezo na profesa. Mwaka 1980 alitoa *Hawala ya Fedha*, kutokana na hadithi ya Sembene Ousmane wa Senegali, inayomhusu mtu anayetumiwa fedha kutoka ng'ambo, na ndugu na marafiki wanamjia kama inzi. Mwaka 1982 Lihamba, Penina na Ndyanao Balisidya, yule aliyeandika riwaya ya *Shida*, walitoa kwa pamoja mchezo wa *Harakati za Ukombozi*. Watazamaji wa filamu watamkumbuka Lihamba katika *Maangamizi*, filamu iliyotoka mwaka 2001.

Tunawataja akina mama hawa kwa makusudi. Wakati wazazi wengi walihofia kumruhusu binti kupanda jukwaani, wao walipanda, wakasoma hadi kupata shahada za udaktari, wakalea, wakafundisha. Penina alipoandika tasnifu yake ya udaktari, mwaka 1983, hakwenda kuchunguza michezo ya Ulaya. Alichunguza maigizo ya asili ya Wakaguru, watu wa kwao, na jinsi yalivyotumika kuwafundisha vijana. Yaani msomi alirudi kwa bibi yake kuuliza: Mlifundishaje?

Kutoka jukwaani kwenda kijijini

Jibu la swali hilo liliibadilisha kazi ya Idara. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walimu wa Mlimani walianza kujiuliza kwa nini michezo yao, hata ile mizuri, ilikuwa ikionwa zaidi na watu waliosoma. Mkulima aliandikwa ndani ya mchezo, lakini hakuwapo ukumbini. Hata kundi lilipofunga safari kwenda kijijini, wanakijiji walikaa chini, wakatazama, wakapiga makofi, na wageni wakapanda gari kurudi mjini. Matatizo yao yalibaki palepale.

Ndipo ukaanza mpango wa sanaa za maonyesho kwa ajili ya maendeleo. Mojawapo ya kazi za kwanza ilifanyika Malya, wilayani Kwimba, mkoani Mwanza, mwaka 1982 na 1983. Lihamba na Mlama walikuwamo. Miongoni mwa mambo yaliyojitokeza huko ni ukosefu wa shughuli kwa vijana na mimba za wasichana. Baadaye kazi ya namna hiyo ilifanyika pia Msoga, katika Wilaya ya Bagamoyo, na mahali pengine.

Namna ya kufanya kazi hiyo inafaa kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu hata kikundi cha akina mama mtaani kinaweza kuiga.

Kwanza, walimu na wanafunzi hawafiki na mchezo mkononi. Wanafika wakiwa wageni, wanakaa na watu, wanakwenda nao shambani, kisimani na kilabuni, na wanasikiliza. Wanakijiji wenyewe ndio wanaotaja yanayowasumbua.

Pili, matatizo hayo yanachambuliwa kwa pamoja. Kama watu wamesema mimba za wasichana, basi wanaulizana: Kwa nini? Wazazi watasema ni ukaidi wa watoto. Wasichana wakipewa nafasi, wanaweza kusema mengine kabisa, kwamba hawana sabuni wala daftari na yupo mtu mzima mwenye fedha, au kwamba hakuna mtu aliyewahi kuwaeleza mwili wao unavyofanya kazi. Sababu huanza kuonekana ni nyingi, tena si zote ziko upande wa msichana.

Tatu, watu wenyewe wanatengeneza mchezo. Hapa ndipo ngoma za mahali hapo, hadithi, vichekesho, ngonjera na majigambo vinapoingia. Mzee anayejua kucheza ngoma ya kwao hahitaji kufundishwa na mtu kutoka Dar es Salaam. Anachofanya mgeni ni kusaidia tu kuvipanga ili jambo lieleweke.

Nne, mchezo unaonyeshwa hadharani, chini ya mwembe au uwanjani, mbele ya wote, pamoja na viongozi.

Tano, na hili ndilo kubwa kuliko yote, mchezo ukimalizika watu hawaondoki. Wanaulizwa: Je, haya tuliyoyaona ni kweli? Tufanye nini? Nani ataanza, na lini? Mazungumzo hayo yanaweza kuwa makali kuliko mchezo wenyewe. Lakini kwa kuwa jambo limekwisha semwa kwa kuigizwa, hakuna anayeweza kujifanya hajui. Msichana hakumtaja mtu kwa jina. Aliigiza tu. Mwenye kujijua alijijua.

Hiyo ndiyo nguvu iliyokuwa ndani ya wimbo wa unyago na ndani ya hadithi ya bibi. Mdogo hawezi kumwambia mkubwa kwamba amekosea, na mke huogopa kumwaibisha mume mbele za watu. Lakini mchezo unamruhusu aseme bila kuvunja adabu.

Profesa Mlama aliandika kitabu juu ya kazi hizi, kilichotoka mwaka 1991, na vyuo vya nchi nyingine vimejifunza kutokana nacho. Hivyo elimu iliyochukuliwa kijijini ilipelekwa mbali, baada ya kutumika kwanza palepale ilipotoka.

Tuseme

Mwaka 1996 kazi hii iliingia shuleni kwa jina fupi na zuri, *Tuseme*. Ulikuwa mpango wa walimu wa Mlimani kwa ajili ya wasichana wa sekondari, ukishirikiana na FAWE, jumuiya ya wanawake waelimishaji wa Afrika iliyoanzishwa mwaka 1992 na yenye makao yake Nairobi. Njia yake ni ileile ya Malya. Wasichana wanataja matatizo yanayowazuia kusoma, wanatafuta sababu, wanayatungia mchezo, wanaucheza mbele ya wanafunzi wenzao na walimu, kisha wanajadiliana na kuamua la kufanya. Baadaye klabu inabaki shuleni kuendeleza kazi.

Tujiulize kwa nini jambo hili lilihitajika. Msichana wetu tunamlea kuwa mtulivu. Tunamwambia mtoto wa kike hapazi sauti, hajibu wakubwa, hamtazami mtu usoni. Adabu ni njema na hatusemi iachwe. Lakini adabu hiyohiyo, asipofundishwa pia kusema, humfunga mdomo siku anapoitwa ofisini na mwalimu asiye na nia njema. Humfunga mdomo kwenye basi, na hata nyumbani, pale mjomba au mpangaji anapomfuata. Anakaa kimya hadi tumbo linapomsema. Na linapomsema, sote tunashangaa na kuuliza, "Kwa nini hakutuambia?"

Kwa miaka mingi msichana wa Tanzania aliyepata mimba aliondolewa shule, na kwa wengi huo ndio ulikuwa mwisho wa masomo. Mwezi Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wanafunzi wa namna hiyo wataruhusiwa kurudi shuleni baada ya kujifungua. Mlango umefunguliwa, lakini ni bora zaidi msichana asifikie hapo, na njia mojawapo ni kumfundisha kusema mapema. Msichana aliyekwisha simama mbele ya shule nzima na kuigiza jinsi ya kukataa ana maneno tayari mdomoni siku jaribu linapokuja.

Kutoka shule chache za Tanzania, Tuseme ilienea kupitia FAWE hadi nchi nyingi za Afrika, zikiwamo zile zinazotumia Kifaransa. Profesa Mlama mwenyewe alikuja kuwa Mkurugenzi Mtendaji wa FAWE. Katika nchi hizo neno la Kiswahili, tuseme, limetamkwa na wasichana ambao pengine hawajui neno jingine lolote la lugha yetu.

Matatizo hayakosi

Tusije tukapamba mno. Kazi hii ina matatizo yake. Safari za vijijini ni ghali, na mara nyingi fedha hutoka kwa wafadhili. Mwenye fedha akitaka mchezo wa chanjo, hutengenezwa mchezo wa chanjo, hata kama wanakijiji walitaka kuzungumzia ardhi yao. Vikundi vingi vilivyoanzishwa na wageni hufa wageni wakiondoka. Tena wapo wakubwa wasiofurahi kuona mambo yao yakiigizwa uwanjani.

Shuleni nako kuna tatizo jingine. Tamthilia husomwa kama kitabu cha mtihani tu. Wanafunzi hukariri majina ya wahusika na dhamira, wakajibu maswali, wakasahau. Wengi humaliza kidato cha nne wakiwa wamesoma tamthilia mbili au tatu bila kuona hata moja ikichezwa. Ni sawa na kumfundisha mtu kupika kwa kumsomea majina ya viungo bila kumpeleka jikoni.

Na msanii mwenyewe hupata shida ya kipato. Si kila aliyesomea sanaa hupata kazi ya sanaa. Wapo waliofaulu kuwa walimu wa sekondari na vyuo, watangazaji, waongozaji wa filamu, wafanyakazi wa mashirika ya afya na maendeleo. Wengine wamefundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981 na ambacho tangu mwaka 2007 kinaitwa TaSUBa. Lakini wapo pia waliokaa muda mrefu bila ajira. Mzazi ana haki ya kulifikiria hilo.

Mzazi afanye nini?

Ikiwa mtoto wako anaipenda sanaa hii, usianze kwa kumkemea. Muulize anataka kusomea nini hasa. Sanaa za maonyesho chuoni ni zaidi ya kupanda jukwaani na kuchekesha. Mwanafunzi hujifunza historia ya sanaa hizo katika Afrika na kwingineko, uandishi wa michezo, uongozaji, utengenezaji wa mavazi na mapambo ya jukwaa, matumizi ya sauti na mwili, na jinsi ya kufanya utafiti katika jamii. Anayedhani atakwenda kustarehe hushtuka muhula wa kwanza. Mshauri pia achukue na somo jingine litakalomsaidia, kama vile lugha au ualimu. Mazoezi ya michezo huendelea hadi usiku, basi zungumzeni mapema juu ya usafiri na marafiki, kama ambavyo ungefanya kwa binti anayesomea uuguzi na kufanya zamu za usiku.

Ikiwa mtoto wako bado yuko shule ya msingi au sekondari, uliza katika mkutano wa wazazi kama shule ina klabu ya maigizo. Kama hakuna, pendekeza iwepo. Haihitaji fedha nyingi. Kanga mbili, ngoma moja na mwalimu mwenye moyo vinatosha kuanzia. Hata kanisani, watoto wanapoigiza kuzaliwa kwa Yesu wakati wa Krismasi, tusiwaachie walimu wa Sunday school peke yao. Mtoto mwoga aliyepewa kuwa mchungaji wa kondoo na akasema sentensi yake moja mbele ya watu wote amepanda ngazi ambayo hakuna kitabu kingempandisha.

Na vikundi vya akina mama vinaweza kujaribu njia ya Malya. Mkutano ujao, badala ya kusikiliza hotuba juu ya ulevi au mirathi ya wajane, tungeni mchezo mfupi wa dakika kumi. Mmoja awe mjane, mwingine shemeji, mwingine mjumbe wa mtaa. Chezeni. Kisha ulizaneni: Je, ni kweli? Tufanye nini? Msishangae kama yule mama aliyekuwa kimya mwaka mzima ndiye atakayekuwa wa kwanza kuinua mkono.

Nyumbani pia kuna nafasi. Watoto wadogo huigiza kila siku, wakicheza mama na baba. Wasikilize kidogo ukiwa unapika. Utasikia sauti yako mwenyewe ndani yake, jinsi unavyoita, jinsi unavyogombeza, jinsi baba anavyoingia jioni. Watoto hao wanakueleza jambo.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamfichua. Mlimani walichukua sanaa ya bibi zetu, wakaiandika, wakaifundisha, kisha wakairudisha kijijini na shuleni ili watu wafichue maradhi kabla ya kilio. Kwa hiyo, msomaji wetu mpendwa, mtoto wako akikwambia anataka kuigiza, mwambie akae karibu nawe, akuonyeshe. Na akimaliza, usipige makofi tu. Muulize maana yake ni nini.